Kliniki Bila Kadi

Huku Houston joto limeshaanza kutukumbusha nyumbani.

Mwezi wa kwanza nilimpigia simu mama yangu Tanga, kama kawaida yangu ya kila Jumapili, nikamwambia asinitafute siku tatu zijazo kwa sababu ninakwenda Dallas, kwenye kliniki. Simu ikawa kimya. Kisha nikamsikia, "Alhamdulillahi! Mwanangu, ni ya miezi mingapi?"

Nina miaka 43, jamani. Ilibidi nimweleze taratibu kwamba Wamarekani wana kliniki za namna nyingine, na moja ni mafunzo ya siku chache ambapo makocha hukutana na kufundishana kazi. "Makocha wa nini?" akauliza. Nikamjibu, wa besiboli. "Na wewe unahusika vipi?"

Nahusika kwa sababu timu za watoto za Little League huendeshwa na wazazi wanaojitolea. Miaka mitatu iliyopita nilimpeleka mwanangu kujiandikisha, wakaniomba niwasaidie kugawa maji, na kabla msimu haujaisha nikawa kocha msaidizi. Mchezo wenyewe niliujifunza pembeni mwa uwanja. Mtupaji husimama juu ya kichuguu cha udongo katikati. Kwa watoto hadi miaka 12, kutoka hapo hadi kwa mpigaji ni kama mita 14. Anatupa mpira kwa nguvu zote, mwenye gongo anajaribu kuupiga. Mwanangu ndiye mtupaji wetu, na sitawaficha, nilipenda sana kusikia wazazi wengine wakiuliza, "Yule mtoto ni wa nani?"

Hapo ndipo nilipokosea.

Huku Texas baridi si kali, kwa hiyo watoto hucheza karibu mwaka mzima. Msimu wa vuli uliopita mwanangu, aliyekuwa na miaka 11, alikuwa kwenye timu mbili: yetu ya mtaa, na nyingine ya kulipia inayosafiri kwa mashindano. Jumamosi moja alitupa mipira 62 kwetu. Jumapili akatupa tena kule, na hakuna aliyehesabu, mimi mwenyewe nikiwemo. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Alipoanza kusugua kiwiko nilimwambia yale tuliyoambiwa sote: jikaze kisabuni, mvumilivu hula mbivu. Akajikaza. Hadi asubuhi moja nikamwona anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Nilipomuuliza sababu, akasema, "Mama, wa kulia haukunjuki."

Daktari alitueleza kwamba mfupa wa mtoto una sehemu laini inayokua, na kwenye kiwiko sehemu hiyo ndiyo huumia kwanza mtoto akitupa kupita kiasi. Hakukuwa na haja ya upasuaji, ila miezi mitatu asiguse mpira. Tukiwa garini mwanangu akaniuliza kama nimekasirika. Swali hilo liliniuma kuliko yote aliyosema daktari.

Ndiyo maana nilikwenda Dallas. Ukumbi wa hoteli ulijaa makocha kutoka Mexico, Jamhuri ya Dominika, Uholanzi, Japani, Uganda. Mwenye mtandio nilikuwa mimi peke yangu. Nilidhani tutafundishwa siri za kutupa kwa kasi. Somo la kwanza likawa la kuhesabu.

Kumbe tangu mwaka 2007 Little League ina kanuni ya idadi ya mitupo. Mtoto wa miaka 9 na 10 asizidishe 75 kwa siku, wa miaka 11 na 12 asizidishe 85. Kisha kuna mapumziko. Akifikisha 21 anapumzika siku moja, 36 siku mbili, 51 siku tatu, na kuanzia 66 siku nne. Maana yake, zile 62 za Jumamosi zilikuwa halali kabisa, ila kosa lilikuwa Jumapili. Kila timu huhesabu ya kwake, na mkono wa mtoto ni mmoja. Anayeweza kujumlisha ni mzazi tu.

Tulikumbushwa pia habari za Tommy John, mtupaji wa Los Angeles Dodgers. Mwaka 1974 kano ya kiwiko chake ilikatika, na daktari Frank Jobe akachukua kano kutoka mkono wake mwingine akaipandikiza hapo. Tommy John alirudi uwanjani na kucheza hadi 1989. Tangu wakati huo upasuaji huo huitwa kwa jina lake, na siku hizi hufanyiwa hata vijana wa sekondari. Wengine hudhani kwamba upasuaji huongeza nguvu. Mwalimu wetu alisema wazi: hauongezi kitu, unarudisha kilichoharibika, na si kwa kila mtu.

Wakati wa chai nilikaa na kocha mmoja Mjapani. Nilipomwambia nimetoka Tanzania akacheka kwa furaha: "Dar es Salaam! Koshien!" Koshien ni uwanja wa mashindano makubwa ya shule za sekondari Japani, na Wajapani waliopeleka mchezo huu kwenye shule zetu waliyaita mashindano ya kule Tanzania kwa jina hilohilo. Akanisimulia kwamba mwaka 1998 kijana Daisuke Matsuzaka alitupa mipira 250 katika mechi moja ya Koshien, na nchi nzima ikamsifu kwa uvumilivu. Leo shirikisho lao la shule limeweka kikomo cha mitupo 500 kwa wiki. "Tulichelewa," akasema. "Tulikuwa tunawapigia makofi watoto wanaoumia."

Yule wa Uganda naye alitukumbusha timu ya Lugazi, ambayo mwaka 2012 ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Mwaka mmoja kabla, watoto wa Uganda walikuwa wameshinda nafasi hiyo wakakwama kwenye viza. Sisi wahamiaji tunaijua hadithi hiyo bila kusimuliwa. Pengine ndiyo sababu watoto wetu wakipata nafasi huku tunawasukuma kupita kiasi. Tunaogopa mlango utafungwa.

Niliporudi nilimpigia mama kumweleza niliyojifunza. Akasikiliza, kisha akauliza, "Sasa kadi yake iko wapi?" Kadi gani? "Kliniki gani isiyo na kadi? Wewe nilikupeleka kila mwezi, wakakupima, wakaandika. Mtoto haangaliwi kwa macho tu."

Basi nikamtengenezea kadi. Ni daftari dogo la mistari lenye tarehe, timu, idadi ya mitupo, siku za kupumzika, na safu moja ya mwisho: "Mkono unasemaje?" Hiyo anaijaza mwenyewe. Miezi minne kwa mwaka hatupi kabisa, kama miongozo ya besiboli ya Marekani inavyoshauri. Timu ya kulipia tumeiacha.

Mwezi jana, katika mechi ya nne, tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja. Alikuwa ametupa mara 40 tu. Akanitazama, akagusa kiwiko, akasema kwa Kiswahili ili wengine wasielewe, "Mama, kinauma kidogo." Nikamwomba mwamuzi asimamishe mchezo, nikamtoa. Tukafungwa. Baba mmoja wa timu yetu alininunia hadi tulipofika kwenye maegesho ya magari. Mwanangu alikula aiskrimu yake kwa mkono wa kulia.

Ndugu zangu, iwe ni besiboli, kuogelea au mpira wa miguu, msimwachie kocha peke yake kazi ya kuhesabu. Muulizeni mtoto, tena mkiwa mmekaa naye nyumbani, mbali na uwanja na macho ya watu. Nanyi wanafunzi mnaocheza vyuoni, kusema "naumia" hakumpunguzii mtu heshima.

Uvumilivu ni mzuri. Tuwafundishe watoto uvumilivu wa kukaa benchi pia.

Mama anawasalimu. Bado anauliza kama kweli ile kliniki ilikuwa ya mpira. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.