Daraja Lililokatika Si Siri ya Jeshi

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa iliunyeshea mji wa Bujumbura na milima iliyo juu yake. Maji yaliteremka na mawe na matope, yakavunja nyumba za Gatunguru, Kamenge, Kinama na Carama. Watu zaidi ya 60 walipoteza maisha, na Barabara ya Taifa Namba 1, iendayo Bugarama na Kayanza, ikazibwa.

Barabara hiyo hupanda zaidi ya mita 1,000 kutoka mjini hadi Bugarama. Basi polisi wa zamu huko juu aweza kuyaona maji kabla hayajafika bondeni. Tujiulize: akiyaona, amwambie nani? Kwa desturi humwarifu mkubwa wake, naye mkubwa wa juu zaidi, hata habari ifike mahali pa kuvukia kwenda chombo kingine. Maji hayangoji muhuri.

Sisi tuvaao sare tumefunzwa kutunza siri, na mafunzo hayo ni mema. Idadi ya kikosi na safari yake havimhusu mtu wa nje. Lakini daraja lililokatika limekwisha kuonwa na kila mpita njia. Tukilinyamazia, tunayemficha ni dereva wa gari la wagonjwa peke yake.

Rai yetu ni kwamba itolewe amri ya kudumu, ili askari au polisi aliye mahali pa tukio aarifu kwa wakati mmoja mkubwa wake, kinga ya raia, wahusika wa barabara na hospitali, bila kuomba ruhusa upya. Aseme mahali, saa, aliloliona kwa macho na alilolisikia tu, na kama lori laweza kupita. Njia ikifunguliwa atangaze vile vile, maana habari iliyopitwa na saa hupoteza watu njia. Nayo IGEBU, ipimayo mvua, vipimo vyake vifike hata kwenye kituo kidogo cha polisi.

Huko Gatumba, ambako mto Rusizi ulifurika mwaka 2020, maji hupanda polepole na mtu hupata nafasi ya kuuliza. Kwenye makorongo ya mji wetu nafasi hiyo haipo.

Mvua huanza Septemba. Amri hiyo yatosha ukurasa mmoja, nayo yaweza kusomwa kwenye gwaride la asubuhi mwezi Agosti.