Treni ya Mkoa na Mfuko wa Halmashauri

Mkazi wa Nguvumali, katika Jiji la Tanga, hahitaji kufundishwa habari za reli. Ni katika mji wake ndipo reli ya kwanza ya nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika ilipoanza kujengwa, mwaka 1893. Hata hivyo, treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi iliporudishwa mwezi Desemba 2019, ilipita Korogwe bila kuingia Tanga. Mji uliokuwa mama wa reli ukabaki ukisikia honi kwa mbali.

Kwa hiyo fikra ya kuwa na treni ya abiria ya mkoa, kutoka Tanga kupitia Pongwe, Muheza na Korogwe hadi Mombo, ni fikra ya haki. Njia hiyo, yenye urefu wa kilomita 129, ilikwisha jengwa tangu mwaka 1905. Swali gumu ni moja tu: nani agharamie treni hiyo, na mchango wa halmashauri uwe nini?

Wako wasemao kwamba halmashauri za Tanga, Muheza na Korogwe zichange fedha, zikodi mabehewa na kuendesha treni zenyewe. Kauli hiyo inapendeza masikioni, lakini historia ya reli hiyo hiyo inaonya. Kampuni ya Kijerumani iliyoianza ilifika Muheza mwaka 1896 ikiwa imeishiwa fedha. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikalazimika kuitwaa, na Korogwe haikufikiwa mpaka mwaka 1902. Ikiwa kampuni ya mabepari ilishindwa, itakuwaje kwa halmashauri inayotegemea ushuru wa soko na wa mazao?

Fedha za halmashauri zina kazi zake. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iwe mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kodi ya majengo, iliyokuwa nguzo ya miji, mwaka 2021 ilianza kukatwa na Serikali Kuu kupitia ununuzi wa umeme. Kinachobaki ndicho kinachongojwa na zahanati na madarasa. Kukitumia kununulia mafuta ya injini kila siku ni kumnyang'anya mgonjwa ili kumsafirisha mzima. Tena mkulima wa milimani kule Amani angelipia treni asiyoweza kuifikia kwa ubovu wa barabara.

Wako pia wanaotaja hatifungani. Ni kweli kwamba mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 na riba ya asilimia 13.5, na wananchi wakaitikia. Lakini maji hulipiwa ankara kila mwezi. Nauli ya treni ya abiria, hata katika nchi tajiri, ni nadra kurudisha gharama ya njia na mabehewa. Halmashauri itakayokopa kwa kutegemea nauli itawaachia wajukuu deni.

Basi kila mmoja abebe mzigo unaomlingana. Njia, injini na mabehewa ni wajibu wa Serikali Kuu na Shirika la Reli. Ushuru wa Maendeleo ya Reli, ulioanzishwa mwaka 2015, ulitozwa pia kwa bidhaa zilizoshushwa bandari ya Tanga. Treni za mjini Dar es Salaam, zilizoanza Oktoba 2012, ziliendeshwa na mashirika ya reli, si na halmashauri ya jiji. Haiwezekani Tanga idaiwe zaidi ya Dar es Salaam.

Lakini halmashauri nazo zisikae mikono mitupu. Kazi yao ni barabara za kufikia stesheni, taa, vyoo, vituo vya daladala, na masoko ambayo ushuru wa vibanda vyake utarudisha gharama. Mchango wa kila halmashauri ufuate idadi ya abiria wanaopanda katika eneo lake, uandikwe katika mkataba, na hesabu zake zisomwe katika mikutano ya mitaa na vijiji. Wala isitolewe hata shilingi moja kabla Shirika la Reli halijatia saini ratiba ya safari. Stesheni iliyopakwa rangi bila treni ni kaburi la fedha za umma.

Jina Nguvumali limebeba maneno mawili: nguvu na mali. Nguvu ya wananchi wa Tanga haina shaka. Mali yao ni chache. Ndiyo maana hapana budi madiwani waipigie kura kwa kalamu ya hesabu, wala si kwa makofi.