Ngoma ya kuvaa inapojipiga yenyewe

Barua za juma hili ni nyingi, lakini niruhusu, mpendwa msomaji, niishughulikie moja tu, kwa sababu mwandishi wake hana siku za kungoja. Ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, mkazi wa Eastlands, Nairobi. Yeye na wenzake wameshona fulana na suruali zenye vihisi vya shinikizo. Ukijipiga kofi pajani, spika inatoa mlio wa ngoma kubwa, kifuani, ngoma ndogo, begani, matoazi. Mezani mtambo wafanya kazi barabara. Ukivaliwa tu, ngoma zinalia zenyewe kana kwamba zimepandwa na pepo. Onyesho lao liko majuma mawili mbele, na babake amekwisha kutamka kwamba hatoi hata senti nyingine ya kupeleka Luthuli Avenue.

Mzee ana haki, na kwa bahati nzuri senti hiyo yamkini haihitajiki. Chombo kinachotii mezani na kuasi mwilini aghalabu hakina ubovu wa vifaa. Ubovu uko katika nguo.

Kihisi cha aina hii ni kipande chembamba cha plastiki chenye mviringo wa ukubwa wa sarafu na mkia wa nyaya mbili. Kisipoguswa, ukinzani wake hupita omu milioni 1. Kikibanwa kwa nguvu, hushuka hadi omu elfu chache au chini ya hapo. Upande mmoja hupata volti 5, upande wa pili huungwa na resista ya kilo-omu 10 inayoshuka kwenye hasi, na hapo kati ndipo kompyuta ndogo kama Arduino Uno husoma nambari, kuanzia 0 hadi 1023. Kikiachwa, nambari hukaribia 0. Ukinzani wa kihisi ukifika kilo-omu 10, utasoma kama 512.

Sasa fikiri: kihisi hakijui kofi ni nini. Kinajua kubanwa basi. Suruali ikibana, ni kofi. Goti likikunjwa, ni kofi. Hata msuli wa paja ukivimba unapoinuka kitini, kwake hilo ni kofi. Tena kipande chenyewe kikipinda tu, bila kuguswa na mtu, tabaka zake za ndani hukutana.

Kwa hiyo, kijana wangu, vaa nguo zako, washa mtambo, usicheze lolote. Simama wima usome nambari ya kila kihisi, uandike. Kaa kitini, uandike. Inua mguu, inama, nyoosha mikono juu, uandike tena. Kihisi kinachoruka kutoka 0 hadi 180 kwa kuinama peke yake ndicho mwenye pepo. Kigandishe juu ya kipande kigumu kilicho bapa, mathalani mfuniko wa plastiki uliokatwa, kisha juu yake uweke sponji nyembamba. Kitoe gotini ukipeleke katikati ya paja, mbele, ambako nguo haikunjiki sana. Na mshonaji asivute uzi hadi kitambaa kikaze kama ngozi ya msondo.

Ukimaliza, panga kizingiti katika programu, yaani nambari ambayo chini yake hakuna mlio. Kiwe juu ya ile kubwa kuliko zote uliyoandika bila kujipiga. Kila kihisi kiwe na chake. Bega na paja havifanani.

Hali kadhalika unasema kofi moja huleta milio miwili au mitatu. Hilo si la nguo. Nambari hupanda na kushuka kwa kutetemeka, nayo programu huhesabu kila kilima. Iamuru izibe masikio kwa milisekunde 30 baada ya kila mlio. Usihofu kupoteza mapigo: katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hata ukigawa kila pigo mara nne, baina ya kofi na kofi kuna milisekunde 125.

Ikiwa vihisi vyote vinapanda pamoja unapogusa kimoja, tafuta waya wa hasi ambao resista zote hushirikiana. Ukikatika huo, hakuna aliye na pa kushukia, wote huelea. Nyaya zenye uzi mmoja mgumu hukatikia ndani ya ganda lake mtu akicheza, na kwa macho huoni kitu. Tumia zenye nyuzi nyingi laini, uziachie ulegevu kwenye kiwiko na nyonga. Mkia wa kihisi usiulehemu moja kwa moja, maana plastiki huyeyuka, tumia vibanio. Jasho nalo ni adui, kwa hiyo funika kihisi kwa plastiki nyembamba, ila usiuzibe mkia kwa gundi, kwani hewa ya ndani hupumulia huko.

Lalamiko la mwisho, kwamba mlio huja ukiwa umechelewa, lina washukiwa wawili. Kwanza ni ile mistari ya programu inayochapisha nambari kwenye skrini. Kwa kasi ya 9600, kila herufi hula takriban milisekunde 1, na ukichapisha vihisi sita mfululizo umekwisha kupoteza zaidi ya 30. Ifute ukishapima. Pili ni spika ya bluetooth, ambayo yaweza kuchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Unganisha spika kwa waya na mabishano yatakwisha.

Wazazi wanaodhani huu ni upuuzi wa siku hizi wajue kwamba Mmarekani Laurie Anderson alivaa suti ya namna hii katika filamu yake ya mwaka 1986, Home of the Brave, akijipiga mwilini na ngoma zikilia. Wazo si geni wala si la watoto. Ninachowaomba mkague ni umeme: chombo kilicho mwilini kitumie betri, kompyuta isichomekwe ukutani wakati wa mchezo, na betri ya lithiamu isikae mahali panapopigwa makofi.

Na ikiwa baada ya haya yote kihisi kimoja kingali bubu, kichomoe, ukipime kwa mita huku ukikibonyeza kwa kidole. Ukinzani ukikataa kushuka, kimekufa. Hapo ndipo utakapomwendea baba, umwonyeshe mita, na kumwomba pesa za kihisi kimoja, si sita.