Sukari, presha na anayebisha hodi Tabora

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kufunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Jambo hili latugusa visiwani, kwani Tabora, kituo cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, tuna ndugu zetu.

Mhudumu tumezoea kumuona kwa wajawazito na watoto. Lakini sukari na presha ni maradhi ya kudumu: mgonjwa akipata nafuu huacha vidonge, akidhani amepona. Anayebisha hodi nyumbani ndiye wa kumzindua.

Basi mafunzo yaguse na Ramadhani. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona, daktari akimkataza kufunga, hula na kulisha maskini kwa kila siku. Hiyo ni ruhusa ya dini, si udhaifu wa imani. Maimamu wakae na wahudumu kabla ya mwezi kuandama.

Wallahu a'lam.