Poda nyeupe haitoshi: nani anamwandaa kijana wetu kusoma udaktari?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakitangazwa, barabara zetu zinajaa vijana waliomwagiwa poda nyeupe kichwani. Siku ya Mungu inayofuata wanaitwa mbele ya kanisa, kwaya inaimba, mchungaji anawaombea. Yule aliyemaliza bio-shimi na asilimia nzuri anaulizwa atasoma nini. Anajibu: udaktari. Akina mama wanapiga vigelegele: "Munganga wetu!"

Baada ya mwaka mmoja au miwili, baadhi yao tunawaona wamerudi, wameketi kwenye viti vya nyuma. Hatuwaulizi kilichotokea, nao hawasemi. Kuna aliyeanguka mwaka wa kwanza. Kuna aliyetolewa katika chumba cha mtihani kwa sababu hakumaliza minervali. Kuna aliyeona maiti katika somo la anatomia na kutambua kwamba hakuwahi kujiuliza kama kweli aliitaka kazi hii. Tunaandika haya kwa sababu kosa si lao peke yao. Sehemu kubwa ni yetu.

Tuangalie kwanza jinsi mambo yalivyo. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi wanatueleza kwamba kule kijana haingii moja kwa moja katika shule ya udaktari. Kwa kawaida anasoma kwanza chuo miaka minne, anajaza msingi wa biolojia, kemia na fizikia, anafanya mtihani maalum uitwao MCAT, ndipo anaomba nafasi ya kusoma udaktari miaka minne mingine. Jirani zetu wa Uganda wanampa mwanafunzi miaka miwili ya mwisho ya sekondari kuzama katika masomo machache aliyoyachagua. Sisi tunamtoa kijana katika humanite na diploma ya Serikali mkononi, na miezi michache baadaye anakaa katika fakilte ya udaktari. Miaka ya maandalizi haipo. Mwaka wa kwanza wenyewe ndio unaochuja.

Mwaka huo una fizikia, kemia, biolojia ya seli, hesabu na takwimu, na yote yanafundishwa kwa Kifaransa. Kijana wetu amesoma kemia bila kugusa chupa ya maabara. Amejifunza darubini kwa mchoro ubaoni. Tena sehemu kubwa ya mtihani wa Serikali ni maswali ya kuchagua jibu lililo sawa kati ya majibu kadhaa. Chuoni anapewa silabusi nene, anatakiwa kuisoma peke yake, kuielewa na kuieleza mbele ya profesa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika mfumo wa LMD, wenye krediti 60 kwa mwaka, na mfumo huo unamdai mwanafunzi kujisomea kuliko zamani. Mwenye akili nyingi bila mazoea ya kusoma anaweza kuzama hapo, na mwenye akili ya kawaida aliyeandaliwa vizuri akavuka.

Juu ya hayo kuna vita. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Mabenki yakafunga milango. Kambi za waliohama pembeni ya Goma zikabomolewa. Mzazi wa Masisi aliyetegemea kuuza ng'ombe mmoja kila mwanzo wa mwaka hana tena ng'ombe. Upande wa Beni na Ituri, shamba la kakao ndilo lililolipa masomo, na sasa wengi wanaogopa kwenda shambani kwa sababu ya mauaji. Feza kidogo inayopatikana inatumwa kwa simu na kukatwa njiani. Mwanafunzi yuko mjini, wazazi wako ng'ambo ya mstari wa mapigano, na chuo kinadai.

Katika hali hii mtu anaweza kusema: tuache habari ya udaktari, tutafute chakula kwanza. Tunaelewa. Lakini ni vita hivi hivi vinavyotuonyesha hitaji. Makanisa ya Kiprotestanti yanabeba hospitali na vituo vya afya vingi katika mashariki, na vingi viko mbali na lami. Daktari mmoja wa hospitali ya kijijini akikimbia au akifa, mama mwenye uchungu wa kuzaa anabebwa kwenye tipoyi siku nzima. Atakayemrithi daktari huyo labda leo yuko katika darasa la mwisho la sekondari, anakaa karibu na kanisa letu.

Bwana Yesu, katika Luka 14, anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza, ahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza. Sisi tumekuwa watu wa kuweka misingi. Tunatoa sadaka ya kumsindikiza kijana, inalipa sehemu ya kwanza ya minervali, kisha tunasahau. Hatukuhesabu nyumba ya kupanga, chakula, silabusi, bluzi nyeupe, staji, wala mwaka ambao huenda akaurudia. Masomo haya hayapungui miaka sita. Kanisa lisiloweza kubeba wanne libebe mmoja mpaka mwisho, au liungane na makanisa jirani. Ni heri hivyo kuliko kuwasindikiza wanne mpaka mlangoni.

Lakini feza si yote, na hapa ndipo hata kanisa maskini lina la kufanya. Wengi wetu tuna mwalimu wa sayansi aliyestaafu, mwuguzi, mtu wa maabara, chumba chenye taa ya jua. Siku ya posho alasiri, wanafunzi wa darasa la tano na la sita wanaweza kukutana hapo, wasome ukurasa wa Kifaransa, waufunge, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Zoezi hilo halidai ordinatera wala umeme wa siku nzima. Linajenga kile ambacho mtihani wa kuchagua majibu haukujenga.

Kisha kuna miezi kati ya matokeo na kufunguliwa kwa chuo. Mara nyingi inapotea bure. Tuwaombe waganga wa hospitali zetu wampokee kijana kwa wiki chache, si kutibu wala kugusa mgonjwa, bali kuona. Asaidie kupanga kadi, abebe maji, akeshe usiku mmoja na wauguzi, aone damu, aone mgonjwa akifa na jamaa wakilia. Akirudi na kusema bado anataka, tutajua tunamsindikiza nani. Akisema hapana, hakuna aibu. Uuguzi, ukunga na maabara, vinavyofundishwa katika vyuo vya ISTM, si mabaki ya walioshindwa. Bila hao hakuna hospitali inayosimama.

Tukumbuke pia kwamba njia si lazima inyooke. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Bukavu, alipata diploma ya bio-shimi mwaka 1974, akapitia kwanza masomo ya uhandisi Kinshasa, akaanza udaktari Burundi mwaka 1976, akamaliza 1983. Akaenda kufanya kazi katika hospitali ya kanisa kule Lemera, na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, ambako leo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika (UEA) wanajifunzia kazi. Miaka ile miwili ya Kinshasa haikumwondolea wito. Basi na kijana wetu anayerudia mwaka asihesabiwe kuwa amekufa.

Neno moja kwa wazazi. Feza ikipungua, msichana ndiye tunayemwondoa kwanza. Tunasema ataolewa. Lakini wagonjwa wengi wanaojaa hospitali zetu ni wanawake, na wapo wenye majeraha ambayo hawataki kumweleza mwanaume. Tunapochagua nani wa kumsomesha, tuwakumbuke hao pia.

Mwaka huu, poda nyeupe itakapomwagwa tena, tuimbe na tufurahi. Na ibada ikiisha, wazee, wazazi na kijana wabaki kidogo, waketi mezani na karatasi, wahesabu. Na yule aliyeketi kwenye kiti cha nyuma, mmoja wetu aende kwake juma hili amwulize habari zake. Huenda bado anataka kurudi.