Kabla ya kuchangisha pesa ya riwaya, isome kwanza mbele ya watu



Siku chache zilizopita mama mmoja alifika nyumbani kwangu na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kaye nne zilizoandikwa kwa biki, kurasa pande zote mbili, mpaka pembeni. Mama huyo ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Masisi. Alikaa kwanza katika kambi ya Bulengo. Kambi zilipoondolewa watu, Februari 2025, hakuwa na nyumba ya kurudia, akapokelewa na shemeji yake huku Ndosho. Katika kaye hizo kuna riwaya nzima kwa Kiswahili chetu. Aliniomba jambo moja: "Papa Mwandishi, tangaza, watu wachange, kitabu kichapishwe."

Nilimjibu vibaya, nakubali. Nilimwambia, Mama, watu wanatafuta bugali, wewe unatafuta mchango wa hadithi? Hakukasirika. Alifungua kaye ya kwanza akanisomea kurasa tatu. Kuna mahali ambapo bibi mmoja anakataa kukimbia vita kwa sababu amekwisha kuloweka maharagi ya kesho. Watoto wanamvuta mkono, risasi zinalia kilimani, naye anauliza nani atakula maharagi yale. Mke wangu alikuwa anatwanga sombe uani. Nikasikia mchi umenyamaza. Mwalimu alipomaliza, mke wangu ndiye aliyeuliza: na huyo bibi, alikwenda ama alibaki? Mwalimu akafunga kaye. "Mtasoma," akasema.

Tangu siku ile nimebadilisha mawazo, lakini si mpaka mwisho. Nasema riwaya hii inastahili mchango. Nasema pia kwamba ombi la pesa lisitangulie kusomwa. Watu wasikie kwanza, kisha waulizwe. Wengi wanafanya kinyume, na ndiyo sababu michango ya vitabu inakufa hapa kwetu.

Jibu langu la kwanza, la bugali, ni jibu ambalo wengi wenu mtalitoa, kwa hiyo tulitazame. Je, ni kweli kwamba mtu mwenye njaa hachangi? Sisi sote tunajua si kweli. Mtu akifa kwenye avenue, kabla jua halijazama daftari limepita nyumba kwa nyumba, na mhami wa vita aliyefika juzi anaandikisha franka 500 zake. Mamama wenye likelemba wanaweka kila juma hata wakiuza ndizi tu. Vijana wakitaka jezi za timu, tunatoa huku tunalalamika. Hatutoi kwa sababu tunazo. Tunatoa kwa sababu tunamjua marehemu, tunamjua mama anayeshika sanduku, tumemuona yule kijana akipiga mpira. Riwaya inayotangazwa kwa jina na picha ya mwandishi tu haina mtu anayeijua. Ni kilio cha mtu ambaye hatujapata kumuona.

Vijana wa mji watanijibu: Papa, siku hizi unaweka kitabu kwenye intaneti, watu wa dunia nzima wanalipa. Wananitajia Brandon Sanderson, mwandishi wa Marekani, ambaye Machi 2022 alikusanya zaidi ya dola milioni 41 kwenye Kickstarter kwa ajili ya riwaya nne. Ni kweli, alizikusanya. Lakini riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 2005. Alipoomba, alikuwa na miaka kumi na saba ya wasomaji nyuma yake. Wale watu hawakununua kitu wasichokijua, waliwahi tu kumlipa mtu wao. Zaidi ya hapo, Kickstarter inakubali waombaji wa nchi fulani tu, na Kongo haimo. Kwa hiyo utamtafuta binamu aliye Canada au Ubelgiji afungue akaunti kwa jina lake. Pesa ikiingia kwa jina la binamu, ndugu wawili watakosana kabla kitabu hakijafika kwa mchapaji. Nimeona hayo, na haikuwa hata kwa kitabu, ilikuwa kwa matibabu.

Na hata kule kwenye vyombo vikubwa mambo yanaharibika. London kulikuwa na kampuni inayoitwa Unbound, ilianza mwaka 2011. Kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu ambavyo wasomaji wamevilipia mapema, na majina yao wote yaliandikwa ndani ya kitabu. Riwaya yao moja, The Wake ya Paul Kingsnorth, iliingia mwaka 2014 kwenye orodha ndefu ya tuzo ya Booker. Hiyo ni heshima kubwa kwa kitabu kilichozaliwa kwa michango. Lakini Machi 2025 kampuni ilishindwa kulipa madeni yake, na waandishi wakabaki wanadai haki zao. Kama walio na wahasibu na wanasheria walifika hapo, sisi wenye kaye na simu tujiangalie.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani zaidi, na ni wa Mwafrika. Olaudah Equiano alikuwa mtumwa, akajinunua, akawa huru. Mwaka 1789 huko London alichapisha kitabu cha maisha yake. Hakungoja tajiri mmoja amlipie. Alitafuta watu wa kuandikisha majina na kununua kabla kitabu hakijatoka, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Katika chapa ya kwanza kuna orodha ya wanunuzi hao, watu 311. Kisha alitembea, mji kwa mji, Uingereza, Scotland, Ireland, akizungumza na watu na kuuza kitabu mwenyewe. Kilichapishwa mara tisa kabla hajafa mwaka 1797. Kitabu chake si riwaya, najua, lakini njia ni ileile. Watu walimuona, walimsikia, ndipo wakafungua mifuko.

Na asiniambie mtu kwamba Kiswahili cha Kongo si cha vitabu. Mwaka 1965, Lubumbashi, ambayo wakati ule bado iliitwa Elisabethville, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya watu waliokuwa wamefanya kazi za nyumbani kwa wazungu. Maboyi, kama walivyoitwa. Ilipigwa kwa mashine na kunakiliwa, bila duka, bila nyumba ya vitabu. Mtaalamu Johannes Fabian aliitoa kama kitabu mwaka 1990, na leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanaisoma. Hapa Goma nimewauliza walimu watatu kama wanaijua. Mmoja tu alikuwa amesikia jina.

Sasa niseme kosa langu, maana mnaonijua mnalingoja. Miaka kadhaa iliyopita nilishika pesa za vijana wa mtaa waliotaka kuchapisha hadithi zao. Nilikuwa mimi peke yangu mwenye daftari, mwenye sanduku na mwenye kutangaza. Mchapaji mmoja alitaka pesa yote mbele, nikampa, bila karatasi. Vitabu vikafika nusu ya hesabu, miezi imepita, na katika vingine kurasa zimegeuzwa kichwa chini. Sikula hata franka moja, lakini nani ataniamini? Mpaka leo kuna baba mmoja wa Birere akiniona huniuliza kitabu chake kiko wapi. Ananiuliza mbele ya watu. Ana haki.

Kwa hiyo nilipokubali kumsaidia Mwalimu nilimwekea masharti, na yeye aliongeza yake ambayo yalikuwa bora. Sanduku halikai kwangu wala kwake. Liko kwa mama mmoja wa likelemba ya avenue, ambaye hajui kusoma vizuri lakini hajapoteza hata franka ya mtu tangu tumjue. Mtu mwingine anaandika daftari. Bei tunayoifuata ni ile iliyo kwenye proforma yenye muhuri, si ile ya kuambiwa kwa simu. Mchapaji atapata nusu mbele, na nusu nyingine vitabu vikihesabiwa.

Hapo kwenye bei kuna hesabu ambayo waandishi wetu wengi hawaielewi, nami sikuielewa zamani. Ukichapisha kwa mashine kubwa, gharama ya kutayarisha sahani za kuchapia ni moja, uchapishe vitabu 50 au 500. Ndiyo maana nakala chache zinakuwa ghali kila moja, na nyingi zinashuka bei. Ukichapisha kwa mashine ya fotokopi bei ya kila nakala inabaki karibu ileile, na unaweza kuanza na 30 tu. Mwalimu alitaka 500, kwa sababu bei ya kimoja inapendeza. Nilimuuliza 470 zitalala wapi, nyumba ya shemeji ikiwa na watu kumi na mmoja. Tukashuka. Tutaanza na 100, kwa dola 3 kila kimoja, na hatutapeleka kazi kwa mchapaji mpaka watu 60 wawe wameweka. Wasipofika 60 kwa tarehe tuliyoandika, kila mtu anarudishiwa chake, na kaye zinabaki kaye. Mwalimu alilia kidogo kwa sharti hilo. Mimi sikulegeza.

Watu hao wa kwanza ndio wagumu. Wa 40 anaweka kwa sababu ameona 39. Wa kwanza anaweka kwa sababu gani? Nimejifunza kwamba rafiki anaweka kwa huruma, na huruma inaisha kwenye kumi. Msikilizaji anaweka kwa sababu anataka kujua kama bibi alibaki na maharagi yake. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita Mwalimu alisoma sura ya kwanza uani kwa shemeji. Walikuja watu wapatao ishirini na watano, wengi wao wahami wa vita, na watoto hatukuwahesabu. Mzee mmoja alimkatiza: "Huko kwetu hatusemi hivyo, tunasema hivi." Mwalimu akasahihisha palepale kwa biki. Mzee huyo hakuwa na pesa. Mimi namhesabu kuwa msaidizi wa kwanza wa kitabu hiki, na nilimwambia.

Hapa nina neno kwa waandishi wote wanaotaka kupita katika familia za wahami. Usimwombe mtu aliyekimbia na sufuria moja dola 3. Mwombe sikio, mwombe neno la kijiji chake ulilolisahau. Akitaka mwenyewe kutoa franka 200, pokea kwa mikono miwili na uandike, usimkatalie kwa kumhurumia, maana hilo nalo ni tusi. Dola 3 mwombe aliye na mshahara, aliye na duka, aliye na pikipiki tatu barabarani.

Kuna jambo la majina. Equiano aliweka orodha ya majina mbele ya kitabu, na ilimpa nguvu. Kwetu leo, si kila mtu anataka jina lake lichapishwe chini ya kitabu kinachozungumzia vita, na sitaeleza kwa nini, mnajua. Kila anayeweka anaulizwa: tuandike jina lako, ama tuandike "mtu wa Sake", "mama wa Kitshanga", ama tusiandike kitu? Mwalimu mwenyewe amebadilisha majina ya vijiji vyote na hakuna kiongozi wala kundi lililotajwa. Wengine watasema huo ni woga. Mimi nasema kitabu kinahitaji mwandishi aliye hai ili kiwe na cha pili.

Walio mbali, nyinyi wa Nyarugusu na Nakivale, na mliofika Marekani na Australia, najua mtataka kutuma. Subirini kidogo. Tunataka thelathini wa kwanza wawe wa hapa, waliosikia kwa masikio yao. Baada ya hapo tutawatumia sura ya kwanza kwa sauti kwenye simu, msikilize, kisha mwamue. Na mkituma kwa simu, kumbukeni kwamba mwisho wa Januari 2025 banki nyingi za Goma zilifunga milango, na kutoa pesa taslimu kwa wenye vibanda kunakatwa asilimia. Dola 3 zenu zikifika zinaweza kuwa pungufu ya 3. Daftari litaandika kile kilichofika mkononi, si kile mlichotuma. Tusigombane kwa hilo.

Mpaka leo asubuhi walioweka ni kumi na saba. Wa kumi na saba ni yule baba wa Birere. Aliweka dola 3, akasema waziandike kwa jina lake kamili, na kwamba safari hii hatanidai mimi, atamdai mama wa likelemba.

Sura ya pili itasomwa Jumamosi hii saa tisa mchana, palepale uani Ndosho, mvua isiponyesha. Aliye na kiti aje nacho.