Serikali Ikiokoa Kiwanda cha Magari, Imwokoe Nani?

Pana swali ambalo huzuka kila mara uchumi wa dunia unapoyumba, nalo huwagawanya wasomi na wanasiasa katika kambi mbili zisizosikilizana. Kampuni kubwa ya kuunda magari inapofika ukingoni mwa kufilisika, je, serikali ichote fedha za walipa kodi iiokoe, au iiache ianguke kama linavyoanguka duka lolote la mtaani lililoshindwa na biashara?

Kambi ya kwanza hushikilia kwamba soko lina sheria zake, na kwamba mfanyabiashara aliyekula faida peke yake hana haki ya kuwagawia wengine hasara. Kambi ya pili hujibu kwamba kiwanda cha magari si duka. Maelfu ya wafanyakazi, jamaa zao na hata miji mizima hukitegemea, na serikali isiyowajali watu hao haistahili kuitwa serikali. Nimezisikia hoja hizi mara nyingi, hata katika midahalo ya shule, na nionavyo mimi kila kambi ina nusu ya ukweli. Kabla ya kuamua iwapo kampuni iokolewe, yafaa tuulize ni nani hasa anayeokolewa. Je, ni mwenye hisa, mkurugenzi, mfanyakazi, au ujuzi wa taifa? Hawa hawali chungu kimoja, ijapokuwa siku ya kuomba msaada hubisha mlangoni pamoja.

Tuanze na Marekani, ambako jambo hili lilitokea mbele ya macho ya dunia nzima. Mwaka 2007 Wamarekani walinunua magari mapya zaidi ya milioni 16. Kufikia mwaka 2009, baada ya benki kutikisika na mikopo kukauka, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu milioni 10. Mnamo Novemba 2008 wakuu wa kampuni tatu za Detroit, yaani General Motors, Ford na Chrysler, walikwenda Washington kuomba msaada. Walisafiri kwa ndege za kibinafsi. Wananchi waliokuwa wakipoteza nyumba na kazi walighadhabika, na wabunge wakawakemea hadharani. Waliporudi mara ya pili, mwezi wa Disemba, walikwenda kwa magari.

Baraza la Seneti liliukataa mpango wa kuzisaidia. Hata hivyo, Rais George W. Bush, aliyekuwa amebakisha mwezi mmoja tu madarakani, aliamua kuzikopesha General Motors na Chrysler dola bilioni 17.4 kutoka katika mfuko uliokuwa umetengwa kwa ajili ya benki. Ford haikuchukua mkopo huo. Mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuweka rehani mali yake, pamoja na nembo yake mashuhuri, ikakopa zaidi ya dola bilioni 23 na kujiwekea akiba ya siku mbaya.

Hapa pana jambo ambalo msomaji makini hana budi kulitafakari. Alan Mulally, mkuu wa Ford wakati huo, alikwenda mbele ya Bunge na kuunga mkono washindani wake wasaidiwe. Kwa nini mtu amwombee hasimu wake uhai? Wahenga walinena kwamba mwomba chumvi huombea chungu chake. Gari moja lina maelfu ya vipuri, na kampuni ya magari haiundi vyote. Breki, viti, vioo na nyaya za umeme hutoka kwa wauzaji ambao huiuzia General Motors asubuhi na Ford jioni. General Motors ikifunga milango kwa ghafla, wauzaji hao nao hufa kwa kukosa mteja na kwa kutolipwa madeni, na hapo hata Ford yenye akiba yake haiwezi kukamilisha gari hata moja.

Fauka ya hayo, kwa kawaida kampuni inayofilisika huenda mahakamani, ikapewa ulinzi dhidi ya wadai, ikakopa fedha za kuiendesha huku ikijipanga upya. Lakini katika majira ya baridi ya mwaka 2008 hapakuwa na benki yenye uwezo wala moyo wa kutoa mkopo mkubwa kiasi hicho. Wale waliosema kwamba soko liachwe liamue walisahau kwamba soko lenyewe lilikuwa limelazwa hospitalini.

Hoja ya kuingilia kati ilikuwa na nguvu, basi. Lakini nguvu ya hoja hiyo si hati ya kumpa mwombaji kila anachotaka. Rais Barack Obama alipochukua madaraka mwaka 2009, serikali yake iliikataa mipango ambayo kampuni hizo ziliwasilisha mwanzoni. Mwezi wa Machi, Rick Wagoner, mkuu wa General Motors, aling'atuka kwa shinikizo la serikali. Tarehe 30 Aprili Chrysler ilipelekwa mahakamani kutangaza kufilisika, kisha usimamizi wake ukakabidhiwa Fiat ya Italia. General Motors nayo ilifuata tarehe 1 Juni, ikiwa na madeni ya dola bilioni 172 dhidi ya mali ya dola bilioni 82 hivi. Wenye hisa wa zamani walitoka mikono mitupu. Waliokuwa wameikopesha bila dhamana waliambulia sehemu ndogo ya hisa mpya. Majina ya magari kama Pontiac na Saturn yakazikwa. Serikali ikawa na takriban asilimia 61 ya kampuni mpya, nayo ikasema tangu mwanzo kwamba haikukusudia kukaa. Hisa zikaanza kuuzwa kwa umma Novemba 2010, na Disemba 2013 Hazina ikauza hisa yake ya mwisho.

Katika jumla ya dola bilioni 80 hivi zilizotumiwa kuinusuru sekta ya magari, walipa kodi walipoteza takriban bilioni 9. Hiyo si hasara ndogo. Hata hivyo, ukiipima dhidi ya viwanda ambavyo vingefungwa katika mwaka ambao hapakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia, naona kwamba bei hiyo ililipika.

Nisieleweke kwamba nauimba wokovu huo kwa sifa tupu. Wafanyakazi walilipa sehemu yao. Vijana walioajiriwa chini ya mapatano ya miaka ile walipata karibu nusu ya mshahara wa wenzao wa zamani waliosimama nao kando ya mashine ile ile. Isitoshe, mwaka 2019 General Motors ile ile iliyookolewa ilisimamisha uundaji wa magari katika kiwanda chake cha Lordstown, Ohio. Kampuni ikaishi, lakini mji ule ukabaki na majengo. Ndiposa nasema kwamba kuokoa kampuni na kuokoa wafanyakazi ni mambo mawili tofauti.

Sasa tuvuke bahari hadi Uingereza, ambako serikali iliokoa kwa namna nyingine. British Leyland iliundwa mwaka 1968 kwa kuyaunganisha majina takriban yote makubwa ya magari ya nchi hiyo: Austin, Morris, Rover, Triumph, Jaguar na mengineyo. Wakati huo iliuza karibu magari 4 katika kila 10 yaliyonunuliwa Uingereza. Kufikia mwaka 1975 ilikuwa hoi. Migomo ilikuwa mingi, ubora ulikuwa duni, na aina za magari zilizoshindana zenyewe kwa zenyewe zilikuwa tele. Serikali ikainunua. Mpango uliofuatwa, ulioandaliwa na Don Ryder, ulijengwa juu ya tumaini kwamba kampuni hiyo ingeuza magari mengi zaidi mwaka hadi mwaka, ilhali Wajapani walikuwa wamekwisha kuingia sokoni na magari yasiyoharibika ovyo.

Tumaini si mpango. Mabilioni ya pauni yalitumika, na mageuzi machungu yalipokuja, kuanzia mwaka 1977 chini ya Michael Edwardes, wateja wengi walikuwa wamekwisha kuhama. Kampuni hiyo iliuzwa kwa British Aerospace mwaka 1988, ikapita mikononi mwa BMW mwaka 1994, na mwaka 2000 BMW ikaiuza sehemu ya Rover kwa pauni 10 tu, bei isiyotosha kununua tairi. Aprili 2005 MG Rover ilianguka, na wafanyakazi wapatao 6,000 wa Longbridge, Birmingham, wakapoteza kazi. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba wakuu wake watano walikuwa wamejipatia takriban pauni milioni 42 za mishahara na malipo ya uzeeni.

Tofauti ya nchi hizi mbili iko wapi? Haiko katika wingi wa fedha peke yake. Marekani ilitumia msaada kama kisu cha tabibu. Iliwaondoa waliokosea, ikawakata wenye hisa, ikapunguza kampuni hadi kiwango cha soko lake, na ikapanga safari ya kutoka. Uingereza ilitumia msaada kama blanketi. Ilimfunika mgonjwa ili asione baridi, ugonjwa ukaendelea chini kwa chini. Alipofunuliwa, hapakuwa na la kutibu.

Msomaji huenda akauliza haya yanatuhusu nini sisi Wakenya, tusio na General Motors ya kuokoa. Yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Kiwanda cha Thika kinachojulikana leo kama Kenya Vehicle Manufacturers kilizaliwa katika miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, mtoto wa British Leyland hiyo hiyo, serikali yetu ikiwa na hisa ndani yake. Nayo General Motors ilifungua kiwanda chake jijini Nairobi katika muongo uo huo, kisha mwaka 2017 ikaziuza hisa zake kwa Isuzu na kwenda zake. Maamuzi ya Detroit na Birmingham huteremka hadi kwenye malango ya viwanda vyetu.

Kwetu sisi, viwanda vya kuunganisha magari havina desturi ya kwenda Bungeni kuomba mkopo kwa kishindo. Huomba ulinzi: ushuru uongezwe kwa magari yanayotoka nje, magari kuukuu yazuiwe, serikali inunue magari yaliyounganishwa nchini. Baada ya soko kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari yaliyokwisha kutumika, hasa kutoka Japani, yaliingia kwa wingi na kuvibana viwanda hivyo. Leo sheria hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane kuingizwa nchini. Ulinzi wa namna hii nao ni msaada. Tofauti yake ni kwamba msaada wa Hazina una tarakimu ambayo mwananchi anaweza kuisoma, ilhali msaada wa ushuru hulipwa kimyakimya na mwalimu anayenunua gari lake la kwanza, na mwenye matatu ambaye humpitishia abiria gharama hiyo.

Sipingi viwanda vyetu kulindwa. Taifa linalotaka kuwa na mafundi halina budi kuwapa mahali pa kufanyia kazi. Gari la Nyayo Pioneer, lililotengenezwa kwa mifano mitano tu na kuonyeshwa mwaka 1990, halikupata kuundwa kwa wingi, lakini shirika lililotokana nalo, Numerical Machining Complex, lilirithi mitambo na ujuzi wa kuunda vipuri. Ujuzi waweza kuishi hata gari likifa. Ninachopinga ni ulinzi usio na muda wala kipimo. Tumekwisha kuona matokeo yake nje ya sekta ya magari. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipewa mabilioni ya shilingi za umma, na bado mwaka 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu, huku mkulima wa miwa akidai malipo yake.

Wapo watakaosema kwamba hata msaada wenye masharti huzaa uzembe, kwa kuwa anayejua ataokolewa haogopi kuzama. Hoja hii ina uzito. Chrysler iliwahi kudhaminiwa na serikali mwaka 1980 kwa mikopo ya hadi dola bilioni 1.5, ikailipa mapema mwaka 1983, watu wakashangilia. Miaka 25 baadaye ikarudi mlangoni na bakuli. Lakini jibu la uzembe ni kuhakikisha kwamba aliyeuleta uzembe haonji matunda ya msaada. Mkurugenzi akijua kwamba kuokolewa kwa kampuni ni mwisho wa kiti chake, na mwenye hisa akijua kwamba ni mwisho wa hisa zake, hakuna atakayetamani kuokolewa.

Kwa hivyo, siku kiwanda chochote kitakapoijia Hazina yetu, iwe ni cha magari, sukari au nguo, naomba walimu na wanafunzi wao wasikimbilie kusema ndiyo au la. Waulize maswali matatu. Kwanza, waliokifikisha hapo wanaondoka lini, na wanaondoka na nini? Pili, ni kitu gani kitakachobadilika kiwandani ambacho fedha peke yake haziwezi kukibadilisha? Tatu, serikali itatoka tarehe gani, na mfanyakazi ameahidiwa nini kwa maandishi? Waziri asiyeweza kuyajibu hayo mbele ya Bunge hajaleta mpango wa kuokoa kiwanda. Ameleta blanketi, na sisi ndio tutakaolilipia.